Maswali ya Wasomaji: Ukijani Unaorudi Kila Baada ya Wiki Mbili

*Shikamoo Fundi. Nina bwawa la kuogelea nyumbani, Mbezi Beach. Urefu mita 8, upana mita 4, kina kinaanzia mita 1 na kuishia mita 1.8. Lina miaka sita. Tangu mwaka jana halikai safi. Kijana anayelitunza akimwaga klorini ya unga, maji yanakuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, yanang'aa siku tatu nne, halafu wiki mbili hazijaisha ukijani umerudi. Huwa unaanzia kwenye ngazi na kona ya upande wa mwembe. Dawa ya kuua mwani tumeshamaliza chupa tano. Vidonge vya klorini havikosekani kwenye kiboya, viwili kila wiki, na nikipima kwa matone ya njano rangi inakolea vizuri. Pampu tunaiwasha kwa muda wa saa tatu tu kwa siku kwa sababu ya luku. Maji ya kuongezea ni ya kisima. Watoto bado wanaogelea, lakini upande wa kina kifupi tu ambako chini panaonekana. Sasa nimeambiwa nimwage maji yote nianze upya. Masika yanakaribia, sijui nifanye nini. — Mama wa watoto watatu, Mbezi Beach*

Marahaba, mama.

Naanza na jambo ambalo wewe umeligusa kwa sentensi moja. Watoto watoke majini leo. Usisubiri kesho. Bwawa halina ukuta katikati. Mtoto anayecheza upande wa mita 1 akiteleza kwenye mteremko wa sakafu, na sakafu yenye mwani inateleza kama bamia, anaishia upande wa mita 1.8, na mtu aliyesimama ukingoni hamwoni. Maji ya kijani yanameza mwili wa mtoto mbele ya macho ya watu wazima watano. Kanuni niliyofundishwa na mzee aliyenilea kwenye kazi hii, na nimeishika miaka yote kumi na tisa, ni kwamba usipoona wazi kifuniko cha mfereji wa chini pale penye kina kirefu, hakuna mtu anayeingia. Si mkubwa, si mdogo, si kwa dakika tano. Funga geti la bwawa, na kama halina geti, tafuta fundi wa vyuma kabla hujanunua dawa yoyote.

Sasa tuje kwenye ukijani wenyewe.

Kabla ya kuandika jibu hili nilimwomba mama aniletee maji. Alinitumia kwa bodaboda chupa ya lita moja na nusu, imechotwa kwa kuzamisha mkono hadi kiwikoni, mbali na tundu linalorudisha maji, ikafungwa kwenye gazeti ili jua lisile klorini njiani. Nalitaja gazeti kwa sababu watu wengi huniletea chupa iliyokaa juu ya dashibodi saa mbili, halafu tunapima jua badala ya kupima bwawa.

Klorini huru, ile ambayo bado haijashikana na uchafu, ilikuwa 2, yaani miligramu 2 kwa kila lita. Ukisoma maandishi ya kwenye ndoo za klorini utaambiwa 2 ni nzuri. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ilikuwa 7.9, iko juu kidogo. Hapo wengi wangerudisha vipimo kwenye kisanduku na kusema maji yako sawa, ongeza dawa ya mwani. Lakini mimi nikisikia neno "vidonge" na neno "mwaka" kwenye sentensi moja, huwa naendelea kupima.

Kipimo kinachofuata ni cha asidi ya sianuriki. Unachanganya maji ya bwawa na dawa yake kwenye kichupa, unatikisa, unaacha kidogo, mchanganyiko unageuka maziwa maziwa. Halafu unachukua mrija mwembamba wenye nukta nyeusi chini, unasimama nje umelipa jua mgongo, unamimina taratibu huku ukiangalia kutoka juu. Pale nukta inapopotea, unasoma namba ubavuni. Namba ya chini kabisa kwenye mrija wangu ni 100, na kadiri maji yanavyopanda ndivyo namba inavyopungua. Maji yako, mama, yalificha nukta kabla hata hayajafika kwenye mstari wa 100. Kwa hiyo nilichanganya nusu maji yako na nusu maji ya kunywa, nikapima tena. Nukta ikapotea kwenye 80. Zidisha mara mbili, ni 160.

Hapo ndipo ugonjwa wote ulipo. Mwani wako si sugu. Klorini yako ndiyo imefungwa mikono.

Asidi ya sianuriki haina ubaya yenyewe. Jua letu la mchana linaweza kumaliza klorini isiyo na kinga ndani ya saa chache, na sianuriki ndiyo mwavuli wake. Inaishika klorini, inaiachia kidogo kidogo. Ikiwa kati ya 30 na 50, kazi inakwenda. Ikizidi, inashika karibu yote, na ile 2 unayoipima imo majini lakini haifanyi kazi. Hesabu tunayoitumia mafundi ni kwamba klorini huru isishuke chini ya asilimia 7.5 ya sianuriki. Kwa 160 yako, hiyo ni 12. Wewe una 2. Mwani hauhitaji hata ujasiri kuota humo.

Na sianuriki hiyo haikutoka mbinguni. Imo ndani ya vile vidonge. Kidonge kimoja cha gramu 200 kinapoyeyuka kinaacha karibu gramu 110 za sianuriki. Bwawa lako ni 8 mara 4 mara wastani wa kina mita 1.4, yaani karibu mita za ujazo 45, lita 45,000. Kila kidonge kinaongeza kama 2.5. Viwili kwa wiki, 5. Klorini inaisha, sianuriki inabaki. Jua haliiondoi, na maji yakikauka kwa jua yanaiacha pale pale. Inapungua tu maji yenyewe yanapotoka, kwa kumwagika au kwa kuosha chujio. Mwaka mmoja wa vidonge unatosha kabisa kukufikisha hapo ulipo, na watu waliokuuzia chupa tano za dawa ya mwani walipaswa kukuuliza swali hilo moja kabla ya kupokea pesa yako. Hilo linaniuma kila mara.

Yale matone yako ya njano, yaweke kando. Yanaonyesha klorini yote kwa pamoja, iliyo huru na ile iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, kwa hiyo rangi inakolea na wewe unapata moyo bure. Nunua kipimo cha DPD, kile kinachotoa rangi ya waridi, na kipimo cha sianuriki. Kwa vipimo hivyo viwili utajua zaidi ya nusu ya wanaojiita mafundi wa mabwawa mjini.

Je, umwage maji yote? Hapana. Tafadhali sana, hapana, hasa huko pwani.

Nilikuwa bado msaidizi, mwaka wangu wa pili kazini, tulipoitwa kwenye nyumba moja upande wa Kunduchi mwezi Aprili, mvua za masika zimeshiba ardhi. Bwawa lilikuwa la fibaglasi. Mwenye nyumba alikuwa na haraka ya sherehe, bosi wetu wa wakati ule akakubali tulikaushe. Tulimaliza kulivuta jioni. Asubuhi tulipofika, bwawa lilikuwa limeinuka kutoka ardhini kama mtumbwi, upana wa kiganja kizima, na marumaru za ukingoni zimepasuka pande zote. Maji ya chini ya ardhi yalikuwa yamelisukuma usiku kucha, na ndani hakukuwa na uzito wa kulikandamiza. Mwenye nyumba alikaa kwenye kiti cha plastiki hakusema neno. Bwawa la zege ni zito zaidi lakini nalo linaweza kupasuka au kuinuka. Mitaa yenu maji ya ardhini hayako mbali, na wanaochimba misingi huko wanajua.

Basi punguza kwa theluthi. Toa theluthi moja ya maji, jaza, washa pampu yachanganyike siku nzima, kisha toa theluthi nyingine. Sianuriki itashuka kutoka 160 hadi 107, kutoka hapo 71, na mara ya tatu 47. Kila theluthi ni lita 15,000, yaani boza moja na nusu ukitumia la lita 10,000. Kwa hesabu utaona unanunua maji mengi kuliko ungemwaga robo tatu kwa mkupuo mmoja. Ni kweli, na mimi bado nakushauri ununue. Fanya sasa kabla ya masika, usianze mvua ikishakolea. Acha kwanza klorini ishuke hadi sifuri kwa jua ndipo umwage, na usielekeze bomba kwenye mchicha wa jirani.

Maji ya kujazia, kama bajeti inaruhusu, yasiwe yote ya kisima. Visima vingi vya upande wenu vina chumvi na chokaa. Chokaa hiyo nitairudia kwenye chujio.

Sianuriki ikifika karibu na 50, ndipo unaua mwani. Mpaka hapo mtu asikuuzie chochote. Shusha pH hadi 7.2 kwanza, kwa sababu klorini ikishapanda juu ya 10 kipimo cha pH kinadanganya. Kisha pandisha klorini hadi asilimia 40 ya sianuriki, kwako ni kama 20. Kwa unga wa asilimia 65 hiyo ni gramu 1,400 ukianzia sifuri. Fanya jioni jua likishatua. Ndoo ya lita 20, maji kwanza, ndipo unga, nusu kilo kwa ndoo, koroga kwa kijiti safi cha plastiki, mimina ukizunguka bwawa. Usitangulize unga kisha maji. Na kile kikombe cha kuchotea unga kisiingie kamwe kwenye ndoo ya vidonge, hata kikiwa kikavu, hata kwa kupokezana. Aina hizo mbili za klorini zikikutana zinawaka. Niliwahi kuingia kwenye chumba cha pampu nikakuta kikombe kinafuka moshi peke yake juu ya rafu, na pembeni yake mtungi wa asidi. Nilikitoa kwa koleo nimeshika pumzi. Asidi na klorini nazo zikae vyumba tofauti, gesi yake inaunguza mapafu.

Halafu kuna kazi ambayo watu hawaipendi, brashi. Mwani unajifunika kwa utando wa utelezi, na klorini inakwama juu ya utando huo. Sugua kuta zote, ngazi, nyuma ya ngazi, kona ya mwembe, ndani ya mdomo wa skima, lile tundu la ukingoni linalovuta takataka za juu ya maji. Fungua taa ya bwawani, baada ya kuzima umeme wake kwenye swichi kuu, uangalie nyuma yake. Mara nyingi humo ndimo mbegu ya ukijani inamolala, inasubiri wiki mbili zake. Majani ya mwembe toa kwa wavu kila siku, maana klorini itakayotumika kula majani haitabaki kwa ajili ya mwani.

Pima asubuhi na jioni, rudisha klorini kwenye 20 kila mara. Hapa kuna mtego. Klorini ikizidi sana, rangi ya waridi ya DPD inachomeka, inatokea kisha inafutika, maji yanabaki meupe. Kijana ataona weupe, atadhani klorini imekwisha, ataongeza tena. Punguza sampuli, kipimo kimoja cha maji ya bwawa kwa vinne vya maji ya kunywa, kisha zidisha jibu kwa tano.

Pampu iwake usiku na mchana hadi maji yatakate, ni kama siku nne tano. Najua luku. Baada ya hapo iwake kwa muda wa saa nane kwa siku. Pampu ya nyumbani ya mita za ujazo 10 kwa saa inahitaji saa nne na nusu kupitisha maji yako yote mara moja, kwa hiyo kwa saa tatu sehemu ya maji yako haionani na chujio kabisa. Pampu ya nguvu ya farasi moja hula karibu uniti moja kwa saa. Ukijumlisha ulichotumia kwa chupa tano za dawa na unga uliomwagwa kila wiki mbili, utaona ulikuwa unaokoa upande mmoja na kumwaga upande mwingine.

Utajuaje umemaliza? Usiangalie rangi tu. Pima klorini usiku baada ya jua kutua, pima tena alfajiri kabla halijachomoza. Usiku hakuna jua la kuila. Ikipungua zaidi ya 1, kuna kitu hai bado kinaila, endelea. Ikipungua chini ya hapo na sakafu inaonekana safi, acha ishuke yenyewe hadi chini ya 5, ndipo watoto warudi.

Kuhusu chujio, uliniambia kwa simu kwamba mchanga haujabadilishwa tangu bwawa lijengwe. Miaka sita na maji ya kisima yenye chokaa. Nimefungua mitungi ya namna hiyo mingi. Mchanga unaganda mapande mapande kama kashata, na maji yanajichimbia njia katikati yanapita bila kuchujwa. Mkaribishe fundi aufungue kifuniko cha juu, aingize mkono. Mchanga mzuri unapenyeka hadi kwenye kifundo cha mkono bila kulazimisha. Ukigoma, utolewe wote, uwekwe mchanga maalum wa chujio. Mchanga wa ujenzi haufai, una vumbi na chembe za kila ukubwa.

Vidonge navyo havijapigwa marufuku. Vitumie ukisafiri wiki mbili. Siku za kawaida tumia klorini ya maji au unga kidogo kila jioni. Unga nao unaongeza chokaa, kwa hiyo kwenye maji yako ya kisima klorini ya maji ni bora zaidi ukiipata mbichi, haijakaa juani dukani.

*Salamu Fundi. Mimi niko Nyali, Mombasa. Bwawa langu maji ni maangavu kabisa, lakini kwenye grauti kati ya vigae kuna madoa meusi kama vichwa vya njiti za kiberiti. Nikisugua yanapauka, baada ya siku chache yako pale pale. Jirani asema ni kutu.*

Kaka, kwanza tupambanue. Piga mbizi, kwangua doa moja kwa ukucha. Likichafua kidole kwa weusi wenye utelezi, ni mwani mweusi. Likigoma, chukua kidonge cha vitamini C, kile cha kawaida cha duka la dawa, likandamize nacho nusu dakika. Likififia, jirani yako yuko sahihi, ni kutu ya chuma. Kwa maelezo yako ya kupauka na kurudi, naona ni mwani.

Huu mweusi ni wa jamii ya bakteria wanaotumia jua, na unajipanga tabaka juu ya tabaka ndani ya vitundu vya grauti. Klorini inaua la juu, la chini linaendelea kuishi. Kwa hiyo brashi hutangulia klorini. Juu ya vigae tumia nailoni ngumu, kwenye grauti na plasta tumia ya waya wa chuma kisichoshika kutu. Ya waya wa kawaida itakuachia vipande vitakavyokupa hiyo kutu ya jirani. Ng'oa kichwa cha kila doa, mara mbili kwa siku, huku klorini ikiwa kwenye ile asilimia 40 ya sianuriki niliyoeleza juu. Jiandae kwa wiki mbili au tatu, usikate tamaa ya siku ya tano. Na kama grauti imemomonyoka kiasi cha kuingia ncha ya bisibisi, hakuna dawa itakayofika ndani yake. Pakwanguliwe pajazwe upya.

*Fundi, tuna nyumba ya wageni Arusha. Mtunza bustani wetu alimwaga mrututu kwenye bwawa, kama anavyofanya mashambani, na kweli ukijani uliisha kwa siku mbili. Lakini sasa ngazi zimepata rangi ya bluu ya kijani, na mgeni mmoja mwenye nywele za dhahabu ametoka majini zikiwa na ukijani. Analaumu klorini.*

Dada, klorini haihusiki. Mrututu ni shaba, na shaba ndiyo inayoshika nywele nyeupe na plasta nyeupe. Mtunza bustani hakukosea kwamba shaba inaua mwani. Inaua. Ila haiui vijidudu vya tumbo kwa kasi inayohitajika bwawani, na haiishi. Kila ukimwaga unaongeza juu ya ile ya jana. Msimlaumu sana, alileta elimu ya shamba kwenye maji ya kuogea na hakuna aliyemwelekeza.

Usimwage klorini nyingi sasa, utaligandisha doa zaidi. Weka pH karibu 7.2, badilisha theluthi ya maji kwa namna niliyomweleza mama wa Mbezi, kisha weka dawa ya kushika madini. Na nakusihi, maji hayo yasielekezwe kwenye kijito wala bwawa la samaki la mtu. Shaba kidogo sana inatosha kuua samaki.

*Niko Kigamboni, bwawa la watoto la plastiki lita 2,000, lina chujio chake kidogo. Naweza kutumia jiki?*

Unaweza, kama ni ile ya kawaida ya asilimia 3.5, isiyo na harufu ya maua na isiyo nzito. Mililita 170 zitapandisha klorini kama 3. Weka jioni, chujio likiwaka. Kwa kuwa haina sianuriki, jua litaimaliza, kwa hiyo ni kila siku, na pima kabla watoto hawajaingia asubuhi. Siku chujio likiharibika, mwaga maji yote, lianike likauke.

Nyongeza kwa mama wa Mbezi Beach: chupa yako ya pili imefika jana, bado imefungwa kwenye gazeti. Baada ya theluthi tatu nukta imepotea kwenye 50, na pH ni 7.5. Ishushe hadi 7.2, kisha anza kumwaga klorini Ijumaa jioni ili uwepo nyumbani Jumamosi na Jumapili kupima mwenyewe. Umesema fundi alipoingiza mkono kwenye mchanga aliishia kwenye vidole. Basi mchanga ubadilishwe kabla ya hiyo Ijumaa, usiwe baada.